Bushi mbili za raba na gari linaloshuka Sekenke

Gari linalotoka Dodoma kwenda Igunga, Nzega au Mwanza, likishaiacha Singida mjini na kupita Iguguno na Misigiri, hufika mahali ambapo uwanda wa juu unakwisha ghafla. Hapo ndipo Sekenke. Barabara inateremka kwa kona kuelekea Shelui, huku malori yenye mizigo yakipanda taratibu kutoka upande wa pili. Katika kila kona ya mteremko ule uzito wa gari huhamia kwenye magurudumu ya nje, bodi hulala upande, na kinachoizuia isilale kupita kiasi, kwa kushirikiana na springi, ni ufito wa chuma ambao abiria wengi hawajawahi kuuona. Mafundi wanauita stabilaiza. Ufito huo umeshikwa kwenye gari na bushi mbili za raba, kila moja ndogo kiasi cha kufichwa ndani ya kiganja. Ninachokitetea hapa ni kwamba bushi za stabilaiza ya nyuma zikichakaa zibadilishwe, zote mbili kwa pamoja na kwa saizi yake, na kwamba mtindo uliozoeleka kwenye gereji zetu wa kuing'oa stabilaiza yenyewe ili kelele iishe unapaswa kukoma.

Tuanze na kazi yake, kwa sababu hapa ndipo kutoelewana kunapoanzia. Stabilaiza ni chuma cha mviringo kilichokunjwa mfano wa herufi U pana. Katikati kimebanwa kwenye bodi au fremu kwa vibano viwili, na ndani ya kila kibano ipo bushi. Ncha zake zinaungana na mikono ya magurudumu, mara nyingi kwa kupitia linki fupi. Magurudumu yote mawili yakipanda kwa pamoja, ufito huzunguka tu ndani ya bushi zake bila kuzuia chochote. Gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, kama inavyotokea konani, ufito hulazimika kujisokota, na ule ukaidi wa chuma kusokotwa ndio unaoirudisha bodi isilale. Maana yake ni kwamba nguvu yote ya kazi hiyo hupita kwenye bushi. Bushi ikiwa nzima, stabilaiza hushika tangu bodi inapoanza kuinama. Ikiwa imelika na kuacha nafasi, ufito kwanza hutembea ovyo ndani ya kibano, bodi ikaendelea kulala bila kizuizi, kisha chuma kinafika mwisho wa nafasi ile na kushika kwa kishindo. Kile kishindo ndicho mlio wa "ko-ko-ko" unaosikika nyuma. Mlio huo unamwambia dereva kwamba msaada wa konani unamfikia umechelewa.

Bahati nzuri, mlio huu ni rahisi kuutofautisha, na matuta yetu yanafaa kwa kipimo hicho. Dereva avuke tuta kwa mwendo wa taratibu, magurudumu yote mawili ya nyuma yakipanda pamoja. Kisha avuke tena kwa kulikata tuta kwa mshazari, kama wafanyavyo wenye magari ya chini wasipotaka kukwaruza tumbo. Kelele ikiwa ndogo mara ya kwanza na kubwa mara ya pili, bushi au linki za stabilaiza ndizo za kuangaliwa kwanza. Baada ya hapo fundi anaingia chini, anaushika ufito karibu na kibano na kuutikisa. Ukicheza ndani ya raba, jibu limepatikana. Nalisisitiza hili kwa sababu kelele ya nyuma mara nyingi huhukumiwa kuwa ni shokapu, mwenye gari akatoa fedha nyingi kwa jozi ya shokapu, na akiondoka gereji mlio bado upo. Hasara hiyo ingezuiwa na dakika kumi za kuchungulia.

Kwa mkoa kama Singida bushi hizi huisha kwa sababu zinazoeleweka. Barabara kuu ya Manyoni, Ikungi, Singida hadi Shelui ni ya lami, na ile ya kwenda Babati pia. Lakini maisha ya watu hayaishii kando ya lami. Magari yanaingia Ilongero, Mtinko na Nduguti, yanaelekea Kwamtoro, yanatoka Itigi kwenda Rungwa. Kwenye rafu rodi gurudumu la kushoto halipigwi sawa na la kulia, kwa hiyo stabilaiza inasokotwa huku na huku mfululizo. Kiangazi chetu ni kirefu, vumbi linakaa miezi mingi, na mchanga mwembamba unaoingia kati ya chuma na raba husaga kama msasa. Mvua zikija, tope linafanya kazi ileile. Ongeza mafuta yanayovuja kutoka kwenye difu, ambayo huilainisha na kuivimbisha raba mpaka inakuwa kama ubani uliotafunwa.

Ipo sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni umri. Raba huzeeka kwa miaka hata kama gari limeegeshwa tu. Hewa na joto huikausha na kuipasua. Magari yetu mengi yameletwa yakiwa yametumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, ilhali Tanzania haijaweka kikomo hicho bali hutoza kodi zaidi kwa gari kuukuu. Mnunuzi huangalia namba kwenye dashibodi, akaona kilomita chache, akafurahi. Gari la mwaka 2006 lenye kilomita chache bado lina raba za mwaka 2006, isipokuwa kama mtu amezibadilisha. Huko Japani gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na mwenyewe hulazimika kurekebisha kilichochoka kabla ya kuruhusiwa barabarani. Siku linaposhushwa bandarini Dar es Salaam, ratiba ile imeachwa nyuma. Kuanzia hapo mlinzi wa zile raba ni mwenye gari na fundi wake.

Sasa niwasikilize wanaong'oa, maana hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema stabilaiza ikitolewa kelele inaisha papo hapo, na gari linakuwa laini kwenye barabara mbovu. Yote mawili ni kweli. Ufito huo huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kwa hiyo mshtuko wa shimo linalokanyagwa na moja hupelekwa kwa sehemu kwenye jingine. Ukiuondoa, kila gurudumu hufuata njia yake na kiti kinatulia. Wanaongeza kwamba hawajaona gari lililopinduka kwa kukosa stabilaiza ya nyuma. Hapo nao nawapa haki yao: kuikosa peke yake si kosa la kupindua gari lenye matairi mazuri na dereva mtulivu. Lakini watengenezaji huchagua ugumu wa mbele na wa nyuma kwa uwiano. Ukiondoa wa nyuma, mzigo wa kuzuia bodi isilale unahamia mbele, tairi ya mbele ya nje inabebeshwa kuliko ilivyopangiwa, na gari linaanza kugoma kuingia konani. Dereva anakata usukani, pua inataka kwenda nje. Kwenye barabara tambarare ya Issuna hatahisi kitu. Atahisi pale anapoteremka Sekenke akiwa amejaza abiria na magunia juu ya keria, au pale anapokwepa ghafla ng'ombe aliyevuka barabara, akakata kulia na kurudi kushoto kwa haraka. Katika kukwepa kwa namna hiyo bodi huyumba mara mbili, na mara ya pili ndiyo mbaya zaidi. Upepo nao usisahauliwe. Singida ni mkoa wa upepo kiasi kwamba mipango ya kuzalisha umeme wa upepo imezungumzwa kwa miaka mingi, na gari refu lenye mzigo wa juu likipigwa ubavuni uwandani linahitaji kila kinachoishikilia bodi.

Kuhusu ulaini kwenye barabara mbovu, watengenezaji wenyewe wameshalijibu swali hilo. Nissan Patrol ya kizazi kilichotoka mwaka 1997, gari linalojulikana sana nchini, ilikuwa na matoleo yenye swichi ya kuilegeza stabilaiza ya nyuma ili magurudumu yawe huru porini. Waliolibuni hawakuliacha hivyo. Walipanga ijifunge tena gari linapoongeza mwendo. Toyota nao wakaja na mfumo wa majimaji kwenye baadhi ya Land Cruiser unaoulegeza ufito mahali pa mawe na kuukaza barabarani. Kampuni hizi zilitafuta uhuru uleule anaoutafuta fundi anayeng'oa, zikatumia fedha na wahandisi, na hakuna iliyoridhika kuliacha gari likimbie lami bila stabilaiza kufanya kazi. Gari letu la kawaida halina swichi. Likiingia lami ya Manyoni kwa mwendo mkubwa baada ya kutoka kijijini, chuma kilichobaki kwenye kona ya gereji hakitalisaidia.

Pingamizi la pili ni fedha, na la tatu ni kwamba barabara zetu zitaziua hata bushi mpya. La fedha lina uzito pale mtu anapouziwa ufito mzima au seti nzima ya chini wakati kilichokufa ni raba mbili. Bushi zenyewe ni kati ya spea za bei ndogo kabisa chini ya gari. Jozi yake haikaribii bei ya tairi moja. Kazi nayo ni fupi, kwa sababu bushi nyingi za aina hii zina mpasuo, zinavishwa kwenye ufito bila kusukumwa kwa mashine. Kinachozidisha gharama ni kurudia. Fundi akikata kipande cha tairi la zamani na kukizungushia chuma, kelele inapungua kwa muda, kisha kinakatika na kuacha chuma kikilana na kibano. Hilo la barabara nalijibu kwa mfano wa matairi. Hakuna anayeacha kuweka matairi mapya kwa kuwa changarawe itayala. Anajua ni kitu cha kuisha na anakipangia fedha. Bushi za stabilaiza zinastahili mahali hapohapo katika bajeti.

Kubadilisha kwenyewe kunadai umakini, na hapa ndipo ninapodhani mafundi wetu hodari wanaweza kujitofautisha. Ufito wa stabilaiza una unene wake, na magari ya jina moja yanaweza kuwa na ufito wa unene tofauti kulingana na toleo. Upimwe kwa kipimo badala ya kukisiwa kwa macho, kwani bushi inayolegea milimita moja italia siku ileile ilipofungwa. Gari likae sawa, magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa chini au yote mawili yameinuliwa na kuwekewa stendi imara. Ukiinua upande mmoja kwa jeki, ufito unakuwa umesokotwa, na kibano kikifunguliwa unaweza kuruka na kumjeruhi mtu. Kutu na matope vikwanguliwe pale raba inapokaa. Mpasuo uelekezwe kama ulivyokuwa mwanzo. Grisi ya kawaida isipakwe, maana hutokana na mafuta ya petroli na huiharibu raba. Kinachofaa ni maji ya sabuni, au grisi ya silikoni kwa bushi zinazoihitaji. Bolti zikazwe kabisa uzito wa gari ukiwa umelalia magurudumu. Na zibadilishwe pande zote mbili, kwa kuwa upande mmoja ukishika mapema kuliko mwingine gari litakuwa na tabia moja kona ya kushoto na nyingine kona ya kulia.

Wapo watakaosema ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani unatosha. Ukaguzi wa haraka kando ya barabara unaona taa, matairi, vioo na stika. Hauwezi kuona raba iliyofichwa ndani ya kibano bila mtu kulala chini au gari kusimama juu ya shimo la ukaguzi. Uingereza gari likifikisha miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na bushi iliyochakaa kupita kiasi inatosha kulifelisha. Sitarajii Singida iige hilo mwaka ujao. Lakini magari ya abiria yanayoingia stendi ya Misuna yanapita kwenye ukaguzi kabla ya kupata leseni ya LATRA, na hakuna kinachozuia mkaguzi kuuliza swali moja la nyongeza: stabilaiza ya nyuma ipo, na inacheza? TEMESA wanaoshughulikia magari ya serikali, na vijana wanaofundishwa umakenika VETA, wanaweza kulizoea swali hilohilo mpaka gari lenye vibano vitupu lionekane kuwa gari lisilokamilika.

Wakati mzuri wa kuanza ni mvua zinapokatika, mwezi wa tano hivi, kabla magunia ya alizeti hayajaanza kutoka mashambani kwenda viwandani. Tope limeshafanya uharibifu wake, vumbi bado halijakolea, na magari yanakaribia kubeba mzigo mzito kuliko wa mwaka mzima. Mwenye gari aoshe chini, aende gereji, aombe ufito utikiswe mbele ya macho yake. Na kama kwa miaka miwili iliyopita gari limekuwa likitembea bila stabilaiza ya nyuma, amuulize fundi aliyeing'oa ameiweka wapi.