Ufupisho wa Muziki Usigeuzwe Picha Tupu

Wahenga walituachia wasia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui wangesemaje kuhusu daftari linalonakiliwa kwa uangalifu mkubwa, kisha mali iliyomo ikaachwa nje.

Majuzi nilimtembelea mwalimu mstaafu wa kwaya anayeishi hapa Munyaka, jijini Eldoret. Alinionyesha daftari lake kuukuu la solfa, lililojaa alama za kalamu nyekundu. Kwa miaka na mikaka alikuwa akizizungushia duara noti zilizobeba uti wa mgongo wa kila wimbo, na chini yake akiandika ufupisho: noti chache zinazoonyesha wimbo unakoanzia, unakopanda na unakotua. Kwa njia hiyo aliwafunza waimbaji ambao hawakuwa na muda wa kuzikariri kurasa nzima.

Kijana mmoja alijitolea kulipiga chapa daftari hilo kwa tarakilishi. Nakala ya kwanza ilikuwa na noti zote, lakini haikuwa na alama nyekundu hata moja. Alipokumbushwa, aliongeza mstari mpya chini ya sauti nne za wimbo, akaziweka humo noti za ufupisho, akaondoa vijiti vyake na kuzificha alama za kimya ili ukurasa ufanane na daftari. Karatasi ilipendeza. Lakini faili ilipofunguliwa katika programu nyingine, yaliyofichwa yakafichuka. Tena tarakilishi ilipoagizwa kuucheza wimbo, ufupisho nao uliimba kana kwamba ni sauti ya tano!

Tarakilishi haikuwa na hatia. Iliambiwa kwamba hizo ni noti za kuimbwa. Haikuambiwa kwamba ni maoni ya mwalimu kuhusu noti nyingine. Walimu wa Kiswahili watanielewa upesi. Mwanafunzi akifupisha taarifa, hatuubandiki ufupisho wake mwishoni mwa taarifa ile tukadai kwamba ni aya ya mwandishi.

Asije mtu akasema kwamba ufupisho wa muziki ni anasa ya Ulaya. Ni kweli kwamba Heinrich Schenker, aliyefariki Vienna mwaka 1935, alipata sifa kwa michoro yake ya kuonyesha noti zinazoubeba wimbo. Hata hivyo, jirani zetu Waganda walikuwa na njia yao. Katika marimba ya amadinda yenye vibao 12, wachezaji wawili hupishanisha midundo yao kwa kasi, mmoja akipiga katika nafasi anayoiacha mwenzake. Mchezaji wa tatu husikiliza mchanganyiko huo, akazichagua noti zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa, na kuzirudia oktava mbili juu, katika vibao viwili vya mwisho. Anachopiga kimetolewa ndani ya kazi ya wenzake. Je, huo si uchambuzi?

Mtafiti Gerhard Kubik alijifunza muziki huu kuanzia mwaka 1959 kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka, na akauandika kwa tarakimu 1 hadi 5. Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Mengo, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na wanamuziki wake wakatawanyika. Baada ya msiba kama huo ndipo thamani ya maandishi hudhihirika. Lakini tukiiandika leo amadinda kama mistari mitatu tu, tarakilishi haitajua kwamba mstari wa tatu umezaliwa na ile miwili. Tutakuwa tumehifadhi mlio, tukaipoteza elimu.

Dawa ipo. Muundo uitwao MEI, ulioasisiwa na Perry Roland wa Chuo Kikuu cha Virginia, huwezesha kila noti kupewa kitambulisho chake. Maelezo ya mchambuzi huandikwa kando, yakizielekea noti hizo kwa vitambulisho vyao na kumtaja aliyeyatoa. Kwa hivyo walimu wawili wanaotofautiana wanaweza kuuchambua wimbo mmoja bila kugusa noti hata moja, na mwanafunzi akazilinganisha hoja zao. Muundo wa MusicXML, uliotoka mwaka 2004 kwa juhudi za Michael Good, ni hodari wa kuuhamisha muziki kutoka programu moja hadi nyingine. Lakini tusiutwike ufupisho kwa hila za kuficha na kufuta, kwa maana hila hizo hazifiki salama safarini.

Najua wapo watakaouliza ni shule ngapi zenye tarakilishi, sembuse mtu wa kuandika MEI. Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Nidhamu inayotakiwa, hata hivyo, haingoji mashine. Nakala kamili ya wimbo isiguswe. Ufupisho uwe katika ukurasa au faili yake, ukitaja kila noti imetoka sehemu gani ya wimbo. Maana ya kila alama ielezwe, na jina la mchambuzi na tarehe viandikwe. Atakayekuja na mashine bora atakuta kazi imekwisha pambanuliwa.

Walimu wenzangu, kila mwaka tunawafunza wanafunzi nyimbo za tamasha la muziki, tukawaeleza kwa mdomo kwa nini sauti fulani inapanda na nyingine inasubiri. Tamasha likiisha, maelezo hayo huishia hewani. Nanyi wanafunzi mlio na ujuzi wa tarakilishi, msiwaulize wazee wenu noti tu. Waulizeni na sababu ya kalamu nyekundu.

Munyaka kwa Kigikuyu ni bahati, na ni kwa bahati tu kwamba lile daftari bado lipo. Nimekubaliana na mwalimu na kijana wake kwamba tutaianza kazi upya, wimbo mmoja baada ya mwingine, naye mwenyewe akiwa hai wa kutueleza kila duara lina maana gani.