Wazo Nalo ni Amana: Liandike Kabla Hujalionyesha

 

Kila tukikaa na wanawake wenzetu tukazungumza biashara, hayakosi maneno haya: riziki ya mtu haiibiwi. Ni kweli, na tunaamini hivyo. Lakini wengi wetu hapa Unguja tunayatumia maneno hayo kufunika uzembe, na sisi tulikuwa wa mwanzo. Leo tunataka kusema wazi: kulinda wazo lako la biashara si choyo, wala si kukosa tawakkul.

Tuwasimulie yaliyotukuta.

Sisi ni watatu, ndugu wawili na wifi yetu, na tunashona katika chumba cha uani Mwanakwerekwe. Wifi yetu alipomaliza arubaini akaanza kumpeleka mtoto kliniki. Kila mtoto akilia njaa ndani ya daladala, mama hana pa kujificha. Buibui limefungwa mbele, na kulipandisha zima ni kujianika mbele za watu. Siku moja alirudi analia yeye na mtoto.

Hapo ndipo tulipofikiria buibui la mzazi: lina mkunjo kifuani, chini yake zipu ya kuficha, na linakuja na mbeleko ya kitambaa hichohicho ili mama akitoka awe nadhifu na mwanawe. La kwanza lilivuta mabegani. La pili lilifunguka kila mama akiinama. La tatu zipu ilimkwaruza mtoto shavu, tukaitoa, tukaweka vifungo vya kubana na bitana laini. La nne ndilo lililokubali. Ilituchukua miezi mitano, na vitambaa tulivyoviharibu tulivilipia kwa pesa za kushona sare za skuli.

Halafu tukafanya kosa. Mfanyabiashara mmoja tuliyemzoea aliomba mawili akawaonyeshe wateja wake. Tukampa, tena kwa furaha. Hatukuandikishana kitu, hatukupiga picha, hatukuweka hata tarehe. Baada ya wiki sita tuliyakuta yametundikwa dukani, ya kitambaa chepesi, bei chini ya yetu. Tulipomuuliza alicheka tu: "Kwani wazo lina mwenyewe?"

Tuliumia sana. Tulipokwenda kuuliza kwa wanaojua sheria tukaumia zaidi, maana tuliambiwa hakuwa mbali na ukweli. Wazo tupu lililomo kichwani halina ulinzi. Kinachoweza kulindwa ni kile ulichokitoa kichwani: mchoro, namna bidhaa ilivyoundwa, sura yake, na jina unaloliuzia.

Hapa Zanzibar iko sheria ya mwaka 2008 inayohusu hataza, alama za biashara na miundo ya bidhaa, na mlango wa kubisha ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Michoro na maandishi yana Ofisi ya Hakimiliki, COSOZA. Usajili wa hapa hauvuki bahari: ukitaka kuuza Dar es Salaam ukiwa na kinga, kule ni BRELA, ombi jengine na ada nyengine. Na jambo kubwa kuliko yote ni wakati. Uvumbuzi au muundo unatakiwa uwe mpya pale unapoomba. Ukishauanika dukani au mtandaoni kabla ya kuomba, unaweza kuwa umejifungia mlango kwa mkono wako.

Wapo watakaosema kwamba buibui ni la wote na mbeleko ni ya bibi zetu, nani atasajili vitu hivyo? Wana haki ya kuuliza. Katika miaka ya 1960 muuguzi wa watoto wa Kimarekani, Ann Moore, alikuwa Togo. Aliwaona akina mama wakibeba watoto mgongoni kwa kitambaa, akapenda utulivu wa watoto wale. Aliporudi kwao na kupata mtoto, yeye na mama yake mzazi wakashona kibebeo chenye mikanda, wakakiita Snugli, na mwaka 1969 akapata hataza. Hakusajili kumbeba mtoto. Alisajili namna yake mwenyewe ya kukiunda kifaa. Bibi zetu wamebeba kwa kanga miaka na miaka, na kubeba kule kutabaki kwa wote. Lakini mkanda mpya, kifungo kipya, mkunjo mpya una aliyeukesha usiku.

Upande wa pili ni kikoi. Kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno hilo, kwa tahajia ya "kikoy", liwe alama yake ya biashara. Wakenya wakapinga, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Hilo nalo ni somo kwetu: jina la kitu cha wote halifai kuwa la mtu mmoja. Ndiyo maana hata sisi hatuwezi kudai maneno "buibui la mzazi". Tunahitaji jina letu wenyewe la kushona kwenye lebo.

Turudi kwenye dini yetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na inatufundisha kuwa kuandika kunaondoa shaka baina ya watu. Haikuhesabu kuandika kuwa ni kumdhania mwenzio ubaya. Na ile hadithi ya ngamia tunaijua sote: mfunge kwanza, kisha tegemea kwa Mwenyezi Mungu. Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa kwa nini tunaona haya kumwambia mtu, "Shoga, kabla hujachukua sampuli, tuandikishane"?

Lakini tukisema ya wengine tuseme na yetu. Mara ngapi biharusi ametuletea picha ya gauni kwenye simu, tukalikata kama lilivyo bila kuuliza la nani? Mara nyingi. Na mara ngapi biharusi amechukua gauni letu akalipeleka kwa fundi mwengine, likafumuliwa lichukuliwe vipimo, wadogo zake washonewe kwa bei rahisi? Nazo hazihesabiki. Picha ya kuonyesha unachopenda haina ubaya. Ubaya ni kuifumua kazi ya mtu kwa siri huku umemuaga kwa dua. Sisi sasa biharusi akileta picha tunamuuliza imetoka wapi, kisha tunakaa naye tubadilishe shingo, mikono na darizi mpaka gauni liwe lake. Wengi hufurahi zaidi.

Kwa dada mwenye wazo lake, iwe nguo, kitanda cha mtoto au chakula cha kulikiza, tunamshauri hivi. Nunua daftari leo, chora, andika tarehe, na andika hata yaliyoharibika. Jaribu kwa watu wachache unaowaamini, na wakubaliane nawe kwa maandishi kwamba hawatakitoa nje. Chagua jina lako. Nenda kaulize ada na masharti kabla ya kurusha picha. Na usilifungie wazo sandukuni kwa woga mpaka life. Wazo lisiloshonwa halimsitiri mtu.

Sisi tumeanza upya. Buibui la tano lina mfuko wa ndani wa kitambaa cha kufutia na mkanda wa mbeleko unaorefushwa mtoto akikua. Michoro yake iko kwenye daftari, na aliyeshika sampuli ametia saini. Yule mfanyabiashara bado anauza lile la nne. Tumemsamehe, lakini hatumpi tena kazi ya mikono yetu bila karatasi.

Allah atubarikie kazi za mikono yetu na atujaalie tuwe waaminifu kwa kazi za wenzetu. Amin.