Kikombe Kidogo cha Wodini

Akina mama wapendwa, safari hii tuzungumze juu ya mtu ambaye wengi wenu mkilazwa na mtoto hamjui hata cheo chake. Ni yule apitaye wodini na sinia la vikombe, daftari kwapani: msaidizi wa lishe. Pale asipokuwapo, kazi hiyo hutuangukia sisi wauguzi.

Mama akiteremka kutoka Suji hadi hospitalini kule Same na mtoto aliyevimba miguu na kufifia nywele, nyumbani huwa wameshashuku mengi. Ugonjwa wenyewe ni kwashakoo. Jina hilo lilitoka kwa Waga wa Ghana, na Dk. Cicely Williams alilitangaza kwa madaktari mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wa kule walikuwa wameshautambua.

Wodini ndipo ugomvi huanzia. Siku za kwanza mtoto hupewa maziwa maalumu yaitwayo F-75. Wa kilo 6 aliyevimba sana hupata mililita 50 tu kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Bibi akiona hivyo hulalamika: "Mjukuu wangu anakufa njaa, nanyi mnampimia kama dawa!" Kesho yake huja na makande ndani ya khanga.

Bibi amesema kweli bila kukusudia. Ni dawa. Moyo, ini na figo za mtoto huyu vimedhoofika, na chakula kingi cha ghafula huweza kumwua. Makande hatuyadharau, yametulea sote Upareni. Zamu yake bado. Ila kama mtoto bado ananyonya, aendelee kunyonya.

Msaidizi hupima, huchanganya, huketi na mama mpaka kikombe kiishe, kisha huandika kilichonywewa na kilichotapikwa. Mtoto akitapika, mama, usifute haraka kwa aibu. Sema, maana kipimo kinachofuata hutegemea hapo.

Kila siku mtoto hupimwa uzito. Uvimbe unapoanza kushuka, uzito hupungua kwanza, na tumewaona mama wakilia mbele ya mizani. Ni maji yanayotoka. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukipungua, maziwa hubadilishwa kidogo kidogo kuwa F-100, yenye nguvu zaidi.

Na saa nane za usiku kikombe kikifika, mtoto amelala fofofo, mwamshe anywe.