Glasgow imeikata mieleka, mchanga wa Tanga bado upo

Nguvumali, jijini Tanga, jina linajieleza: nguvu ni mali. Swali ni nguvu za mchezo gani.

Kwenye ngumi jibu lipo. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, mtoto wa Tanga, alimfuata Sam Eggington kwao Birmingham, akammaliza raundi ya pili. Dogo yeyote mjini mwenye mkono mzito anajua njia inapita wapi.

Kwenye mieleka njia ni finyu, na sasa imebanwa zaidi. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026 mjini Glasgow ina michezo 10 tu, baada ya jimbo la Victoria, Australia, kujitoa kuiandaa kwa sababu ya gharama. Ngumi imo, judo imo. Mieleka imekatwa.

Tunaongelea mieleka ya mtindo huru, siyo ile ya kina John Cena kwenye TV. Ni raundi mbili za dakika tatu. Kushika miguu ruksa. Ukimzidi mwenzako pointi 10, au ukimbana mabega yote mawili chini, kazi imeisha.

Birmingham 2022, Nigeria walibeba dhahabu tatu za mieleka, zote za wanawake. Tanzania ilirudi na fedha ya Alphonce Simbu kwenye marathoni na shaba mbili za ngumi, za Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Kwa hiyo Glasgow haitupunguzii medali tuliyoizoea. Inachotunyima ni sababu ya kuanza. Nani atatoa hela ya mkeka wa mita 12 kwa 12 wakati hakuna shindano la kulenga?

Ila kuna mlango mwingine, na wengi hawauangalii. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026, ya kwanza kufanyika Afrika, imeweka mieleka ya ufukweni. Duara la mita 7 mchangani, dakika tatu, wa kwanza kufikisha pointi 3 kashinda. Mkeka hauhitajiki. Viatu navyo, baki navyo nyumbani.

Watoto wa pwani wanabwagana mchangani tangu wakiwa wadogo, bure kabisa. Kinachotakiwa ni kocha anayezijua sheria na mtu wa kuwaandikisha kabla umri haujawatupa mkono: Dakar mwisho ni miaka 17.