Baiskeli kwenye Uganda Road

Kutoka Maili Nne hadi katikati ya Eldoret si safari ndefu kwa baiskeli, lakini wengi huiacha nyumbani kwa kuogopa Uganda Road. Hofu hiyo ina msingi: hii ndiyo njia ya magari ya kwenda Malaba, mpakani na Uganda, matatu hukata ghafla kubeba abiria, na bodaboda hupenya kulia na kushoto. Barabara ya pembeni ya Cheplaskei hadi Leseru imeyapa malori nafasi ya kulikwepa jiji. Hata hivyo, mwendesha baiskeli bado anabanwa palepale Uganda Road. Anayeanza aijaribu njia yake Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Asijibanze kwenye ukingo wa lami uliomeguka, maana gurudumu likiteleza pale humtupa barabarani. Aache nafasi ya hatua moja hivi kutoka ukingoni, ageuze shingo kabla ya kuhama, na kamwe asisimame ubavuni mwa lori upande wa kushoto, kwani dereva hamwoni. Woga hupungua hivyo, kidogo kidogo. Ila ujasiri wa raia haujengi barabara. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na hadhi hiyo yafaa ionekane barabarani. Wakuu wa Kaunti ya Uasin Gishu, wajengeeni waendesha baiskeli njia yao, na muanzie hapo Uganda Road.