Tusilitupe Bibo kwa Ajili ya Ukakasi

Msimu wa korosho unapowadia, mpita njia katika mashamba ya Muheza, Pangani na Mkinga hupokewa na harufu ya mabibo yanayooza. Korosho zimekwishatiwa guniani; tunda lililozibeba limeachiwa nzi. Hali bibo lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa la uzito ule ule! Mbona basi hutupwa? Jibu analo kila mtoto aliyewahi kuling'ata: ukakasi.

Ukakasi huo huletwa na tanini, mojawapo ya jamii ya kemikali za mimea ziitwazo polifenoli. Tabia yake kuu ni kung'ang'ania protini. Mate yetu yana protini inayoulainisha ulimi. Tanini ikiikamata, ulimi hukauka. Kwa tabia hiyo hiyo magome ya mikoko ya pwani yetu yalitumika kutengenezea ngozi, kwani ngozi iliyoshikana na tanini haiozi upesi. Tena ndiyo sababu chai ya rangi ya Usambara, ikikolea, hukausha kinywa, lakini ikitiwa maziwa hutulia: protini ya maziwa imekwishaipokea tanini.

Viwandani, wataalamu huzitoa polifenoli katika maji ya matunda bila kuzipoteza. Maji hayo hupitishwa katika bomba lililojazwa chembe za ulimbo wa kutengenezwa, zenye vitundu vidogo mno. Polifenoli hunasa humo kama ndege mtegoni. Sukari na maji hupita. Kisha hupitishwa spiriti, nazo huachia kwa zamu: zilizoshika kidogo hutangulia, zilizoshika sana hufuata. Hivyo hutenganishwa, zikatumika katika vyakula na dawa.

Nyumbani hatuna bomba hilo, lakini mchele tunao. Wenzetu wa Kerala, ng'ambo ya bahari yetu hii ya Hindi, hutumia njia hii. Chagua mabibo yaliyoiva yasiyopondeka. Toa korosho kwa uangalifu, maana ganda lake bichi lina mafuta yanayounguza. Mtoto asiling'ate kamwe. Osha, kamua, chuja kwa kitambaa safi. Pika uji mwembamba wa mchele, uache upoe, kisha tia nusu kikombe kwa kila lita ya maji ya mabibo. Koroga, funika, weka mahali pa baridi. Wanga utashuka chini pamoja na ukakasi. Mimina polepole maji ya juu, myanywe siku hiyo hiyo, yakikawia yatachacha.

Jambo moja zaidi, na hili ni la afya. Tanini hushika pia madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Mama mjamzito au mtoto anayeteremshia chakula kwa chai iliyokolea hupoteza sehemu ya madini yanayojenga damu yake. Chai na isubiri walau saa moja baada ya mlo. Vitamini C, kwa upande wake, huyasaidia madini hayo kuingia mwilini. Basi, mama na baba, pembeni ya sahani ya maharage wekeni bilauri ya maji ya mabibo yaliyoondolewa ukakasi. Tunda tulilolikanyaga shambani litakuwa limerudi mezani kuijenga damu ya watoto wetu.