Tusimchanganye Sanbalati na Mwenye Kilio

Makundi ya WhatsApp ya jumuiya, kwaya na sharika zetu yalianzishwa kwa nia njema: kupeana taarifa za misiba, zamu za usafi, ratiba za mazoezi na michango. Leo mengi yamegeuka uwanja wa mtu mmoja au wawili. Mtu anatupa neno saa nne usiku, nusu ya kundi inaamka kumjibu, na hadi alfajiri hakuna aliyelala wala aliyejengwa. Huyo ndiye mchokozi wa mtandaoni. Tunasema wazi kwamba Kanisa linakosea juu yake mara mbili. Anayetafuta ugomvi anapewa usikivu wa kundi zima, na anayeuliza kwa uchungu anaitwa mchochezi na kuondolewa.

Kitabu cha Nehemia kina sura mbili zinazofuatana ambazo kila msimamizi wa kundi angepaswa kuzisoma. Katika sura ya 5, watu na wake zao wanapaza kilio juu ya ndugu zao wenyewe. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao wanatiwa utumwani. Kilio hicho kinakuja wakati mbaya, katikati ya ujenzi wa ukuta. Nehemia hasemi kwamba wanavuruga kazi ya Mungu. Anakasirika, anatafakari, anawakemea wakuu, anaitisha kusanyiko, na wakuu wanaahidi kurudisha mali.

Katika sura ya 6 wanakuja Sanbalati na Geshemu. Mara 4 wanamwita Nehemia wakutane Ono, naye mara 4 anatoa jibu lile lile: ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Mara ya 5 Sanbalati anatuma barua isiyofungwa, ili kila aishikaye aisome, yenye uvumi kwamba Nehemia anataka kujifanya mfalme. Nehemia anakanusha kwa maneno machache, anamwomba Mungu nguvu, anaendelea na kazi. Ukuta unakamilika kwa siku 52.

Ni mtu yule yule, na kazi ni ile ile. Aliweza kutofautisha kilio na uchokozi. Sisi tunaowasimamia watu wa Mungu tunadaiwa uwezo huo huo.

Tutawatofautishaje? Tusitumie ukali wa maneno kuwa kipimo. Mwenye uchungu anaweza kufoka, na mchokozi anaweza kuandika kwa upole akianza na “Bwana Yesu asifiwe”. Kipimo ni hiki: mpe jibu moja la kweli, kisha tazama analifanyia nini. Mama anayeuliza fedha za paa ziko wapi, akionyeshwa taarifa ya mweka hazina, ataisoma. Akiona pengo, atauliza juu ya pengo hilo. Mchokozi hataisoma. Atahamia kwa mke wa mchungaji, kisha kabila la mwinjilisti, kisha uchaguzi wa wazee uliopita. Tena hupenda namba isiyo na jina, hupiga picha ya skrini na kuisambaza nje, na ukimpigia simu mzungumze, hapokei. Anachotaka ni kutuona tumekasirika.

Na hapa tunawaambia viongozi wenzetu bila kuzunguka: swali la hesabu si uchokozi. Mwaka 1517 Martin Luther alipotoa hoja zake 95, aliweka jina lake na kuwaalika watu wajadiliane naye. Wakubwa walitaka anyamaze. Kanisa linalojiita la Kilutheri halina haki ya kumfukuza kundini Mkristo aliyeuliza kwa jina lake, mahali pa wazi, juu ya matumizi ya sadaka yake. Usharika unaoficha hesabu humpa mchokozi kuni za bure, maana uvumi hustawi pale taarifa inapokosekana.

Kwa mchokozi mwenyewe, Mithali 26 ina mistari 2 inayoonekana kupingana. Mstari wa 4 unakataza kumjibu mpumbavu, na wa 5 unaagiza ajibiwe. Yote miwili ni kweli kwa mpangilio wake. Tumjibu mara moja, kwa ufupi na kwa ukweli, kwa ajili ya wanaosoma kimya wasije wakaamini uongo. Baada ya hapo tunyamaze. Wazee wametuonya kwamba kichaa akichukua nguo zako ukiwa unaoga, ukimkimbiza uchi watu hawatajua kichaa ni nani.

Wako wanaosema tusi la kutetea imani ni halali. Si halali. Luther huyo huyo mwaka 1543 aliandika maneno ya chuki juu ya Wayahudi, na karne 4 baadaye Wanazi waliyatumia. Ukweli haujawahi kuhitaji matusi.

Kisha tufuate njia ya Mathayo 18. Mzee wa kanisa amwendee mtu huyo peke yake, kwa simu au nyumbani. Asiposikia, waende wawili. Tito 3:10 inatupa kikomo: akionywa mara ya kwanza na ya pili bila kubadilika, aachwe. Msimamizi amwondoe kundini bila kutangaza na bila kejeli. Kumwondoa kwenye kundi la simu si kumtenga na Kanisa. Jumapili akija ibadani, apewe mkono.

Lakini kunyamaza kuna mpaka. Mchokozi akimshambulia binti wa kwaya, mjane au aliyefiwa, anayenyamaza ameshiriki. Katika Katekisimu Ndogo, Luther anaeleza Amri ya Nane kwamba haitoshi kutomsingizia jirani, tunatakiwa kumtetea. Basi msimamizi afute ujumbe huo mara moja, baada ya kuhifadhi ushahidi, na wazee waseme hadharani kwamba dada huyu ni wetu. Pakiwa na vitisho au uonevu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na kumsindikiza aliyeonewa hadi polisi ni sehemu ya huduma yetu.

Wapendwa, ukuta wetu bado haujakamilika. Wako wagonjwa wa kutembelewa, vijana wa kufundishwa kipaimara, na mama yule anasubiri taarifa ya paa. Apewe wiki hii. Sanbalati akiandika tena usiku, simu izimwe, watu walale, asubuhi kuna kazi.